Jirani Akiondolewa, Tukanyamaza
(Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Bukoba na Muleba)



Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kusimuliwa na wageni maana ya udikteta. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula, yakateka nchi yetu hadi mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu waliuawa, wanawake walidhulumiwa, mifugo na mali viliporwa. Maelfu walikimbilia kusini ya mto. Vita vile tunavikumbuka. Ambalo hatujiulizi mara nyingi ni hili: mtu yule alipataje nguvu?

Alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, na umati wa watu Kampala ulimshangilia. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Wengi walishangilia tena, maana maduka na nyumba vingepata wenyewe wapya. Septemba mwaka huohuo alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Dunia ilistaajabu, lakini wako waliodhani ni maneno ya mzaha tu.

Hitler naye hakuanza kwa kuua mamilioni. Alipewa uongozi wa serikali ya Ujerumani Januari 1933. Aprili mwaka huo wananchi waliamriwa wasinunue katika maduka ya Wayahudi. Mwaka 1935 sheria ziliwanyima uraia. Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto. Hatimaye Wayahudi wapatao milioni sita waliuawa. Tuitazame ngazi hiyo: kwanza duka, kisha uraia, kisha nyumba ya sala, mwisho uhai. Na katika kila kipandio walikuwako majirani waliosema, "Hayo hayatuhusu."

Uganda nako hayakuishia kwa Waasia. Karibu na Mbale wako Abayudaya, wakulima Waafrika walioshika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919, wakiongozwa na Semei Kakungulu. Amin aliwapiga marufuku kusali, na wengi wao wakaiacha imani yao. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, alikamatwa mahakamani, asirudi tena. Januari 1973 aliuawa Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno. Februari 1977 aliuawa Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kianglikana. Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu. Moto ulioachwa uunguze nyumba ya mgeni haukuuliza njia ya kufika kwa mwenyeji.

Nasi Wakristo tukiri kosa letu. Kwa karne nyingi Wakristo walifundishana kuwadharau Wayahudi, na dharau hiyo ilimtengenezea Hitler njia. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilaani chuki dhidi ya Wayahudi. Miongoni mwa Mababa wa Mtaguso alikuwamo Kardinali Laurean Rugambwa, aliyeanza uaskofu wake Rutabo, hapa Muleba. Fundisho hilo basi si la mbali. Ni urithi wa nyumbani kwetu.

Tumeutunzaje urithi huo? Mwaka 2013 watu wengi walioitwa wahamiaji haramu waliondolewa katika mkoa wetu. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini miongoni mwao walikuwamo walioishi nasi miaka mingi, wakaoa na kuolewa kwetu, wakazika wafu wao pamoja nasi. Hatusemi kwamba jambo hili ni sawa na yale ya Hitler au ya Amin. Twauliza tu: ni wangapi kati yetu walimtetea jirani aliyeonewa, na ni wangapi waliotazama shamba lake la migomba kwa tamaa?

Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake alijibu kwa swali. Sisi tusijibu hivyo. Katika jumuiya zetu tujadili haya:

1. Ni nani kijijini kwetu aitwaye "si mwenzetu"?
2. Ni nani anayefaidika akiondolewa?
3. Tutasema nini, na kwa nani, kabla ya kipandio cha pili?

Bwana atujalie ujasiri wa kusema mapema. Amina.