Kiti cha Mgonjwa kwenye Pikipiki

 

Tunajua mgonjwa anavyoshushwa usiku kwetu Usangi: mshikaki. Dereva mbele, mgonjwa katikati, nyuma ndugu wa kumshikilia asianguke. Na zile kona mnazijua.

Tunaomba mchango wa kutengeneza kiti cha chuma: bomba la mraba la inchi 1, egemeo la mgongo, mikono miwili, mkanda, pa kuwekea miguu, na sponji iliyofunikwa turubai linalooshwa. Fundi wa kuchomelea yupo hukohuko nyumbani. Ila mambo mawili hatutalegeza. Kiti kifungwe kwa bolti na nati kwenye matundu ya keria na ya shokapu, kisichomelewe kwenye fremu ya pikipiki, maana moto huidhoofisha. Tena uzito wa mgonjwa ukae mbele ya ekseli ya nyuma. Ukizidi kurudi nyuma, mlimani tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani hautii. Madereva mliopo hapa ni mashahidi.

Rangi itasubiri.

Vifaa tutavilipia kwa risiti. Ufundi tutaulipa baada ya kiti kupanda na kushuka mlima na gunia la mchanga lenye uzito wa mtu, na askari wa usalama barabarani kukikagua. Aliyeumia mgongo au asiyejitambua hatapanda. Huyo bado ni wa gari.

Tunaanza na kimoja, kabla ya masika. Meza ya mhazini iko mlangoni.