Kidonda Kikifunga, Kovu Ndipo Linapoanza Kuvuta: Utengamao wa Uso Baada ya Kuungua

Mada kwa ajili ya semina ya wauguzi, matabibu na watoa huduma za utengamao



Nianze na tonge la ugali. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, tulimpokea mama muuza maandazi aliyelipukiwa na jiko la mafuta ya taa. Aliungua kidevu, mashavu na shingo. Wodini tulimhudumia vizuri, na nalisema hili bila kujisifu: kidonda hakikuoza, ngozi iliyopandikizwa shingoni ilishika yote, na siku ya kuruhusiwa kila mtu alifurahi. Kwenye kadi yake tukaandika: "Kidonda kimepona. Arudi ikibidi."

Alirudi baada ya miezi minne, akiwa na binti yake. Binti ndiye aliyezungumza, kwa sababu mama alikuwa ameuziba mdomo kwa mtandio. "Shikamoo daktari. Mama hali. Tonge halipiti." (Mimi ni mtu wa fiziotherapia, lakini wodini kila mwenye koti jeupe ni daktari.) Nikachukua rula, nikamwomba afungue mdomo kadiri awezavyo. Kati ya meno ya juu na ya chini palikuwa na milimita 17. Mtu mzima hufungua kiasi cha milimita 35 hadi 55. Asiye na rula atumie vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe, vikipangwa kwa kusimama. Kwake kilipita kimoja, tena kwa taabu. Kwa miezi miwili alikuwa akinywa uji kwa kijiko cha chai, akikipenyeza pembeni.

Nimelifikiria sana neno lile "ikibidi". Mgonjwa atajuaje kwamba imebidi? Tulikuwa tumemwambia amepona.

Kovu ni kiumbe hai

Tumezoea kulitazama kovu kama alama, kitu kilichokwisha. Kovu la moto halijakwisha. Kidonda kilichokawia zaidi ya wiki mbili au tatu kufunga kina uwezekano mkubwa wa kuacha kovu nene, na ndani ya kovu hilo zimo chembe ambazo kazi yake ni kuvuta kingo zikaribiane. Kidonda kikiwa wazi, hiyo ni kazi njema. Shida ni kwamba kikifunga haziachi. Huendelea kuvuta, na kovu huinuka, hukaza na kuwasha, hasa katika miezi sita ya mwanzo. Kutulia kwake, yaani kulainika, kulala na kuacha kuwasha, huchukua mwaka mmoja hadi miwili.

Usoni mambo huwa mabaya zaidi kwa sababu ya maumbile. Msuli wa mkono huvuta mfupa. Misuli mingi ya uso imeshikana na ngozi yenyewe. Ngozi ikikakamaa, tabasamu linakakamaa nayo. Tena uso umejaa matundu yenye kingo laini: macho, mdomo, pua. Kovu likivuta pembeni mwa tundu, ama linalibana, ama linaupindua ukingo wake nje. Mtu ambaye midomo yake haikutani hawezi kutamka "b", "p" wala "m". Mwambie aseme "mama apika pilau" umsikilize. Ni kipimo kizuri, na watoto hukipenda.

Kabla hamjamwekea mtu mpango wa mazoezi, hakikisheni kinachozuia ni kovu. Kwa waliojeruhiwa, na bodaboda zinatuletea wengi, huenda mshipa wa fahamu wa uso umekatika. Lisogezeni shavu kwa kidole. Likisogea kwa ulaini lakini mgonjwa mwenyewe hawezi kulisogeza, tuhumuni mshipa wa fahamu, na huyo apelekwe kwa daktari wa upasuaji mapema. Lisiposogea hata kwa kidole, hapo ni kovu. Angalieni pia keloidi, maana kwa ngozi zetu si adimu. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya kidonda. Keloidi huvuka mpaka na kuvamia ngozi ambayo haikujeruhiwa. Keloidi iliyokatwa kwa kisu tu, bila sindano wala matibabu mengine ya kuizuia, hurudi mara nyingi, na ikirudi huenda ikawa kubwa zaidi.

Jicho halisubiri

Kuhusu jicho nitasema machache, kwa sababu jambo lenyewe ni la haraka. Kope la chini likivutwa nje, au jicho lisipofumba usiku, kioo cha jicho kinakauka, kinachubuka, na mtu anaweza kupofuka. Mwambieni ndugu anayemlaza mgonjwa amtazame akiwa usingizini: jicho limefumba au linaonyesha weupe? Mafuta ya jicho mchana na usiku, kope lifungwe kwa plasta laini wakati wa kulala, rufaa iandikwe siku hiyohiyo. Makovu mengine huachwa yakomae kabla ya upasuaji. Hili haliachwi.

Mdomo na shingo

Hapa ndipo nitakapokaa, kwani hapa ndipo tunapowapoteza watu.

Mkao wa raha ndio unaoleta ulemavu. Mwenye kidonda shingoni anainamisha kichwa kwa sababu akikiinua inauma. Sisi kwa huruma tunamwekea mto, wakati mwingine miwili, na ndugu wanaokuja kumtazama wanaongeza wa tatu. Wiki chache baadaye kidevu kinaanza kuujongelea mfuko wa shati. Mwenye kidonda cha mbele ya shingo asiwekewe mto chini ya kichwa. Kunjeni taulo au khanga, muiweke chini ya mabega ili shingo ilale imenyooka. Atalalamika. Mpeni dawa ya maumivu kwa wakati, lakini mto msimrudishie.

Lipo na jambo ambalo wenzetu wa usingizi wanalijua kuliko mimi. Mgonjwa ambaye kidevu kimeshikana na kifua na mdomo haufunguki ni kazi ngumu kweli kumpitishia mpira wa kupumulia. Kwa hiyo kuchelewa hakumwachii sura mbaya tu. Kunafanya upasuaji wenyewe wa kumrekebisha uwe wa hatari zaidi.

Mdomo una pande mbili za kushughulikia, urefu na upana. Kwa urefu tunatumia vijiti vya mbao vya kuchunguzia koo. Vipangwe pamoja kama karata, viingie kati ya meno, idadi iwe ile inayokaza bila kuumiza. Akae navyo dakika chache, mara kadhaa kwa siku, na baada ya siku mbili tatu mnachomeka kijiti kingine katikati. Vijiti hivi vina uzuri wake: mgonjwa anayaona maendeleo yake kwa kuhesabu. Kwa upana, anawe mikono, aingize vidole gumba katika pembe za mdomo, avute kuelekea masikioni taratibu, ashikilie huku akihesabu hadi 30, kisha aachie. Pembe ikipasuka na kutoa damu, amezidisha. Apumzishe, apake mafuta mazito, aanze tena kesho kwa upole. Kuvuta kwa nguvu mara moja kwa wiki hakusaidii kitu. Kovu husikia kuvutwa kidogo, kwa muda mrefu, kila siku.

Kwa mtoto, yote haya yawe mchezo: apulize puto na filimbi, ajaze hewa mashavuni, amtolee ulimi dada yake kwa ruhusa ya daktari.

Kuchua si kupaka

Akina bibi zetu wanajua kuchua, na hilo ni akiba kubwa kuliko mashine yoyote mtakayoniagizia. Marekebisho ni mawili. La kwanza, wengi wanateleza. Wanapaka mafuta ya nazi na kupitisha vidole juu kwa juu, ngozi inang'aa, kovu liko palepale. Kovu huchuliwa kwa kubonyeza na kuzungusha: kidole kishike ngozi, ngozi ndiyo isogee juu ya kilicho chini yake. Mafuta yawe machache tu ya kuzuia mchubuko. Dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku, baada ya kidonda kufunga kabisa. Penye malengelenge au penye kutoka maji pasiguswe.

La pili ni maji ya moto. Desturi ya kukanda ni njema kwa mengine, lakini kovu changa halihisi joto sawasawa na ngozi yake ni nyepesi. Nimeona mgonjwa akiungua mara ya pili kwenye kovu lilelile, kwa kitambaa alichokandwa nacho na mtu anayempenda.

Mara nne kwa siku ni nyingi kwa mtu mwenye shughuli, na hapa nilifundishwa na mgonjwa. Mzee mmoja kutoka pwani aliniambia hasahau hata siku moja, kwa sababu amelifunga zoezi na udhu. Kila swala anasukutua mdomo na kunawa uso. Akimaliza kusali ananyoosha mdomo na kuchua shavu. Mara tano kwa siku, pungufu hakuna. Tangu hapo simwandikii mtu saa. Namuuliza siku yake inakwendaje, kisha tunatafuta pa kulifunga zoezi. Mama yule wa maandazi alilifunga na unga: akishakanda na kuufunika uumuke, anakaa na vijiti vyake.

Silikoni na barakoa ya mgandamizo zinasaidia kulaza kovu, na penye uwezo zitumike. Silikoni huvaliwa saa 12 au zaidi kwa siku. Barakoa karibu siku nzima, ikivuliwa wakati wa kula na kuoga tu, kwa miezi mingi. Katika joto letu hilo ni ombi zito, nami simlaumu anayeivua. Kwa mtoto kuna tahadhari zaidi: mifupa ya uso wake bado inakua, na barakoa inayobana taya kwa muda mrefu inaweza kuathiri ukuaji wa taya na meno. Apimwe mara kwa mara, na barakoa ibadilishwe anavyokua.

Kuna adui mmoja ambaye hatumtaji wodini, naye anauzwa dukani: mkorogo. Kovu changa likipigwa jua huwa jeusi, mgonjwa anaona haya, jirani anamletea kopo. Krimu hizi, nyingine zikiwa na zebaki au steroidi kali, humaliza ngozi ambayo tayari ni nyepesi. Dawa ya weusi huo ni kofia pana, mtandio, kivuli na subira. Lisemeni hili kabla jirani hajafika na kopo lake.

Kioo

Wodi nyingi za majeraha ya moto hazina vioo, na tunadhani tumemsitiri mgonjwa. Siku hizi simu ni kioo. Msichana mmoja aliuona uso wake mara ya kwanza saa tisa usiku, peke yake, kwenye skrini iliyozimika. Mazoezi ya uso yanahitaji kioo, kwa hiyo siku ya kioo itakuja tu. Bora ije mchana, akiwa amekaa na mtu anayemwamini, naye mwenyewe akiwa amesema yuko tayari.

Akishajiona mwenyewe, bado kuna kuonwa na watu. Archibald McIndoe, daktari wa upasuaji aliyezaliwa New Zealand, aliwatibu marubani walioungua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia katika mji wa East Grinstead, Uingereza. Mwaka 1941 wagonjwa wake walianzisha chama chao, Guinea Pig Club, jina la mnyama wa majaribio, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649. McIndoe aliwatoa wodini wakiwa bado katikati ya matibabu, waende mjini, wakae kwenye baa na sinema, na wenyeji waliombwa wawatazame usoni kama wanavyomtazama mtu yeyote. Hii si hadithi ya mbali. Huyuhuyu McIndoe, pamoja na Michael Wood na Mmarekani Thomas Rees, ndio walioanzisha huduma ya madaktari warukao mwaka 1957, ile tunayoijua leo kama AMREF. Wote watatu walikuwa madaktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo. Shirika hilo tunalihusisha na ndege na chanjo, tukasahau kwamba waasisi wake kazi yao ilikuwa nyuso.

Sisi hatuna mji mzima wa kuuomba. Tuna familia, mwalimu wa darasa, shehe au padri, na mwenyekiti wa mtaa. Simu moja kwa mwalimu kabla mtoto hajarudi shuleni inaweza kuamua kama mtoto huyo ataendelea na masomo.

Ombi langu

Mama wa maandazi alifanya kazi ya vijiti kwa miezi saba, kisha akafanyiwa upasuaji mdogo wa kufungua pembe za mdomo, halafu akarudi tena kwenye vijiti. Kipimo chake cha mwisho kwenye faili ni milimita 36. Angekuja kwangu wiki moja baada ya kutoka wodini, naamini kisu hicho asingekihitaji.

Ndugu wanasemina, siombi mashine. Naomba kila wodi inayolaza walioungua iwe na rula moja ya mwanafunzi, na kila aliyeungua uso au shingo asitoke mpaka kadi yake iwe na mambo mawili: mdomo unafunguka milimita ngapi, na tarehe ya kurudi isiyozidi siku saba. Neno "ikibidi" tulifute kwenye kadi hizo kuanzia Jumatatu.