Kabla Hatujasaini: Barabara Mpya na Hesabu Zake Zilizofichika

Mada iliyotolewa na mwanachama wetu, mhasibu mkazi wa Dar es Salaam, kwenye hafla ya harambee ya mwaka



Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Wewe ni mhasibu, njoo utuzungumzie fedha." Taarifa ya fedha ameshaisoma Mweka Hazina, nami sina cha kuongeza. Naomba niwaeleze hesabu nyingine, ambayo haimo kwenye vitabu vya chama lakini inawadai wazazi wetu kila msimu. Ni hesabu ya barabara.

Hakuna kati yetu asiyetaka barabara. Mtu wa Kakola anayempeleka mgonjwa Kahama wakati wa mvua hahitaji kuhubiriwa faida ya lami, wala mama anayeuza maandazi kando ya njia ya malori ya mgodini hahitaji kuelezwa ubaya wa vumbi. Tunaposikia habari za kilomita 73 za Kahama hadi Kakola, au za njia ya Geita kwenda Kahama kupitia Bukoli, tunafurahi, na ni haki yetu. Ninachosema leo ni kwamba barabara ina gharama ambazo Serikali haizilipi wala mkandarasi hazilipi, kama hakuna aliyeziandika mapema. Zisipoandikwa, anayelipa ni mwenye jaruba.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa sita, baba mdogo alinipigia kutoka kijijini. "Mwanangu, wamekuja watu wenye makaratasi. Wameitisha mkutano shuleni keshokutwa, ni habari za barabara. Njoo utusomee." Mwezi wa sita kwa mhasibu ni wa kufunga hesabu. Nikamjibu, "Baba, barabara ni maendeleo. Sainini tu." Wakasaini.

Barabara ilijengwa, tena nzuri. Lakini tuta lake lilikatiza mbuga, na kalavati likawekwa pale palipoonekana kuwa mkondo wakati wa kiangazi. Sisi wenyeji tunajua kwamba mvua ikikolea, maji ya mbugani hayafuati mkondo mmoja. Yanatambaa eneo zima. Msimu wa kwanza tu majaruba ya upande wa juu yalizama, na ya upande wa chini yakakosa maji. Jaruba la baba mdogo lilikuwa la chini. Shimo walipochimba moramu liliachwa wazi, kingo zake zimesimama kama ukuta. Maksai wawili wa jirani walitumbukia humo wakienda kunywa, hawakutoka.

Nilipokwenda Krismasi, baba mdogo hakunilaumu. Alinipeleka ofisi ya kijiji, akamwomba mtendaji atoe faili. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa na jina lake, la nne kutoka juu, na sahihi yake. Kwenye maoni ya wananchi kulikuwa na sentensi moja: wananchi wameupokea mradi.

Tangu siku ile nilijitahidi kuuelewa utaratibu huu, na ndio niliokuja kuwagawia.

Tathmini ya Athari kwa Mazingira si hisani ya mtu. Ni takwa la Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 81 kinamtaka mwenye mradi aifanye kabla ya kuanza kazi, kwa gharama zake. Kanuni zake ni za mwaka 2005, zikarekebishwa mwaka 2018. Kwa barabara kuu na za mikoa, mwenye mradi kwa kawaida ni TANROADS. Kwa za vijijini na mijini ni TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017.

Kwanza, mradi unasajiliwa NEMC na kuchujwa. Mradi mkubwa wa barabara huangukia kundi ambalo tathmini kamili ni lazima. Pili, wataalamu waliosajiliwa hupita eneo la mradi, huzungumza na watu, kisha huandika hadidu za rejea, yaani mambo yatakayochunguzwa. Hapa naomba mnisikilize vizuri: jambo lisiloingia kwenye hadidu za rejea ni vigumu kulipenyeza baadaye. Tatu ni uchunguzi wenyewe: hali ya maji, udongo, miti, malisho, makaburi na afya za watu ilivyo sasa, barabara itabadilisha nini, kuna njia gani mbadala, pamoja na ile ya kutojenga kabisa, na madhara yatapunguzwaje. Nne, NEMC pamoja na kamati ya wataalamu wa sekta mbalimbali huipitia ripoti, na inaweza kuirudisha ikafanyiwe kazi upya. Tano, Waziri mwenye dhamana ya mazingira hutoa cheti, na cheti hicho huwa na masharti. Baada ya hapo hufuata ufuatiliaji na ukaguzi wakati wa ujenzi na baada yake.

Katika hatua hizo wananchi wanatakiwa kushirikishwa, na ripoti lazima iwe na muhtasari wa Kiswahili usio wa kitaalamu. Narudia: muhtasari wa Kiswahili. Kwa hiyo baba mdogo hakunihitaji mimi kwa sababu ya Kiingereza changu. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba muhtasari huo upo na ana haki ya kuuomba.

Sasa nizungumze kama mhasibu. Yako mambo matatu.

La kwanza, anayemlipa mtaalamu wa tathmini ni mwenye mradi. Si kosa, hata mkaguzi wa hesabu hulipwa na kampuni anayoikagua. Lakini mkaguzi mzuri huuliza maswali, na majibu yake hutegemea nyaraka alizopewa. Kijiji kikienda mkutanoni mikono mitupu, mtaalamu ataandika alichokiona kwa siku mbili za kiangazi. Sahihi zenu nazo zitabandikwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba mlishirikishwa.

La pili, sharti lisilo na fungu la fedha halitekelezwi. Ripoti ikisema "mashimo ya moramu yatafukiwa" lakini kazi hiyo haimo kwenye jedwali la kazi na gharama, lile ambalo wakandarasi huliita BOQ, mkandarasi hana anakotozwa wala anakolipwa. Kwa hiyo ukiwa mkutanoni usiishie kuuliza "mtafukia?" Uliza, "Kazi hiyo imewekwa kwenye BOQ?" Swali hilo moja lina uzito kuliko hotuba.

La tatu, tusichanganye tathmini ya mazingira na fidia. Nimekaa kwenye mikutano ambayo saa nzima na zaidi iliisha kwa X za nyumba. Ni halali kuuliza. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na hapo ndipo ugomvi mwingi ulipoanzia. Lakini fidia ina mthamini wake na fomu zake, nayo humlipa mwenye nyumba au shamba lililochukuliwa. Jaruba la baba mdogo halikuchukuliwa hata hatua moja. Liko palepale, maji ndiyo yaliyochukuliwa. Hakuna fomu ya uthamini iliyomgusa. Mahali pekee pa kumtetea palikuwa ule mkutano wa shuleni.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko sehemu nyingi kwa sababu ya udongo. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na lami juu yake haidumu. Mara nyingi mhandisi huutoa au kuufunika kwa tabaka nene la kifusi. Kifusi hicho kinachimbwa kwetu. Shimo hilohilo likiachwa lilivyo ni kaburi la mifugo na zalio la mbu. Likilazwa kingo, likapewa mteremko upande mmoja na kukabidhiwa kijiji kwa maandishi, linaweza kuwa lambo. Tofauti ni mstari mmoja kwenye muhtasari wa mkutano. Vilevile mgeni akiona ngitili ataona pori tupu linalofaa kuweka kambi. Hajui kwamba mradi wa HASHI ulifanya kazi kuanzia 1986 hadi 2004 kuwasaidia wazee wetu kurudisha miti na malisho hayo.

Kuna mtu atasema maneno ya wananchi hayabadilishi barabara ya Serikali. Nampa mfano unaotugusa. Mpango wa kuweka lami njia ya kaskazini mwa Serengeti, Natta hadi Loliondo, ulipelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki na asasi ya kutetea wanyama ya Kenya. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ilizuia barabara ya lami kupita ndani ya hifadhi. Njia mbadala iliyozungumzwa miaka yote ile ni ya kusini, kutoka upande wa Karatu kupitia Mwanhuzi na Lalago hadi Kolandoto, hapa Shinyanga kwetu. Nyumbu walipata wa kuwasemea. Sisi tuna ndimi zetu wenyewe.

Ndiyo maana naomba harambee ya leo itenge fungu dogo kwa kazi tatu. Moja, kila kijiji kilicho kwenye njia ya barabara kichore ramani yake ya maji wakati wa mvua, wazee wakitembea na vijana: yanapopita, majaruba, malambo, visima, ngitili, makaburi na mapito ya mifugo. Mbili, kupiga nakala za muhtasari wa Kiswahili na kuusoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla wataalamu hawajafika. Tatu, nauli ya mwanachama mmoja mwenye taaluma inayohusika kuhudhuria kila mkutano wa aina hiyo, na kuhakikisha maoni yetu yameandikwa kama yalivyosemwa. Ndugu zangu, kazi zote tatu ni karatasi, kalamu na tiketi za basi. Hakuna fungu la bei nafuu kuliko hilo katika bajeti yetu.

Na kwa yule atakayepigiwa simu mwezi wa sita, akiwa na kazi nyingi kama nilivyokuwa mimi: asiseme "sainini tu". Aseme, "Nisubirini, nakuja."

Baba mdogo yupo, anawasalimu. Mwaka huu amepanda mtama palipokuwa na mpunga.