Mahindi Yaliyooza Hayafai kwa Mbwa Pia

Maelezo ya afisa wa mifugo kwa wakazi katika baraza kuhusu chakula bora cha mbwa na watoto wao



Maboma mengi katika kaunti hii yana mbwa. Usiku mbwa hulinda nyumba, mchana huandamana na mbuzi malishoni, na msimu wa mahindi hufukuza nyani shambani. Lakini ikifika saa ya chakula, yeye ndiye wa mwisho kukumbukwa. Mara nyingi hupewa kile ambacho wengine wote wamekikataa.

Mfano wake unajulikana na kila mkulima. Mvua imenyesha kabla mahindi hayajakauka. Mama anaketi na ungo na kuanza kuchambua. Punje nzuri zinaingia kwenye gunia la familia. Zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu wa kijani au wa kijivu zinatiwa kwenye debe kando. Hakuna anayetaka kuzitupa, kwa sababu mbegu na mbolea zilinunuliwa kwa pesa na palizi ilifanywa kwa jasho. Basi debe linapelekwa kwenye kinu, linasagwa, na unga wake unakuwa ugali wa mbwa.

Debe hilo ndilo linalowaua mbwa wengi. Na hatari yake haikomi kwa mbwa.

Ukungu wa mahindi unaweza kutengeneza sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hii hushambulia ini. Wakenya wanaikumbuka vizuri. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 kati yao wakafariki. Miaka mingi kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1970, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa sababu ya chakula chenye sumu hiyo hiyo. Nchini Marekani, ambako chakula cha mbwa hutengenezwa viwandani kwa wingi, zaidi ya mbwa 100 walikufa kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 baada ya kula chakula kilichokuwa na mahindi yenye aflatoksini.

Kwa nini mbwa? Kwanza, ini la mbwa halihimili sumu hii vizuri. Pili, mtu hula ugali leo, wali kesho na viazi keshokutwa, lakini mbwa hula unga ule ule kila siku mpaka gunia liishe. Sumu kidogo ya kila siku hujilimbikizia madhara yake kwenye ini. Mtoto wa mbwa ndiye huumia haraka zaidi, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na anakula sana akilinganishwa na uzito wake.

Wapo wanaosema kwamba wakipika ugali huo kwa muda mrefu sumu itakufa. Haifi. Joto la jikoni huua ukungu wenyewe, lakini sumu ambayo imekwisha tengenezwa hubaki ndani ya ugali. Kuosha mahindi au kuyaanika upya pia hakuiondoi. Na sumu haina rangi wala ladha ya kuionya familia. Gunia linaweza kuonekana safi na bado likawa nayo.

Kwa hiyo kinga huanza wakati wa kuvuna. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Yasiwekwe ghalani kabla unyevu wake haujashuka hadi asilimia 13.5 au chini yake. Asiye na kipimo anaweza kuanza na chumvi. Achukue chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, atie mahindi hadi theluthi moja, aongeze vijiko viwili vya chumvi kavu, afunge na kutikisa kwa dakika moja. Aiache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi na yarudishwe juani. Isiponata, yamekaribia, yaanikwe zaidi kidogo kwa usalama. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pasipovuja.

Punje zilizochambuliwa na kukataliwa zisipewe mbwa, kuku wala ng'ombe. Ng'ombe akila sumu hii, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, nayo maziwa hurudi mezani kwa watoto. Afisa wa kilimo wa wadi ataelekeza jinsi ya kuziharibu.

Sasa, mwenye mbwa ambaye hununua chakula dukani achague vipi?

Katika maduka ya agroveti unga wa mbwa huuzwa kwa njia mbili: katika mfuko uliofungwa kiwandani, au kwa kupimiwa kwa gorogoro kutoka kwenye gunia lililo wazi. Unga wa kupimiwa ni rahisi kwa bei, lakini mnunuzi hajui ulisagwa lini wala kwa mahindi gani, na gunia lililo wazi huvuta unyevu. Mfuko uliofungwa ni bora, mradi usomwe kwanza. Uwe na jina na anwani ya mtengenezaji, alama ya ubora ya KEBS, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Mfuko uliotoboka, ulioloa au wenye unga ulioganda mabonge urudishwe dukani.

Kisha asome orodha ya viungo. Kwa kawaida hupangwa kwa uzito, kile kilicho kingi zaidi kikitangulia. Ikiwa orodha inaanza na mahindi, pumba na ngano, na samaki au nyama imetajwa mwisho, huo ni chakula cha kushibisha zaidi ya kujenga mwili. Atazame pia kiwango cha protini. Kwa chakula kikavu, mbwa mzima huhitaji angalau takriban asilimia 18, na mtoto wa mbwa asilimia 22 au zaidi. Mfuko wa mtoto wa mbwa uandikwe wazi kwamba ni wa mbwa wanaokua.

Watoto wa mbwa wana mahitaji yao. Huanza kuonja chakula laini wakiwa na wiki tatu hadi nne, na ni vyema wakae na mama yao mpaka wiki ya nane. Kuwatenga mapema na kuwapa maziwa ya ng'ombe kwa wingi huwaletea kuhara. Baada ya kuachishwa, walishwe mara nne kwa siku hadi miezi mitatu, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili kama mbwa wazima. Mtoto wa mbwa anayelishwa ugali mtupu huonekana ameshiba, lakini manyoya yake hufifia, misuli hulegea na miguu inaweza kupinda. Tumbo lililovimba huku mbavu zikionekana si dalili ya shibe. Mara nyingi ni minyoo au upungufu wa protini, na anahitaji kuonwa na daktari wa mifugo.

Si kila familia inaweza kununua mfuko wa kiwandani, na si lazima. Chakula cha nyumbani kinaweza kumtosha mbwa kikichanganywa vizuri. Ugali au wali wa nafaka safi humpa nguvu. Omena, mayai yaliyopikwa, au maini na matumbo yaliyochemshwa humjenga mwili. Omena ina faida zaidi kwa sababu huliwa nzima na mifupa yake, ambayo ina madini ya kuimarisha mifupa ya mbwa mchanga. Ichekechwe mchanga, ioshwe na kupikwa. Omena yenye harufu kali ya kuoza au iliyoota ukungu isinunuliwe. Malenge, karoti au sukuma wiki kidogo iliyopikwa huongeza uzuri wa chakula. Na maji safi yawepo kutwa nzima.

Kuna vitu vinne vya kuepuka. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya mbwa. Kwa hiyo makombo ya mchuzi si chakula chake. Chokoleti ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na inaweza kutoboa utumbo. Na maini au mapafu mabichi yenye mifuko ya maji asipewe kamwe. Mifuko hiyo hubeba minyoo ambayo hukomaa ndani ya mbwa, kisha mayai yake humrudia binadamu na kuota uvimbe ndani ya mwili. Maeneo ya wafugaji, Turkana likiwemo, yameteseka sana na ugonjwa huo. Viungo kama hivyo vichomwe au vizikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Mwisho ni dalili za hatari. Mbwa aliyekula sumu ya aflatoksini hukataa chakula, hulegea na kutapika. Macho na fizi zake hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi, na kinyesi huweza kuwa na damu. Asisubiriwe mpaka kesho. Chakula hicho kisimamishwe mara moja, kiasi kidogo kihifadhiwe kwa uchunguzi, na daktari wa mifugo aitwe au ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ijulishwe. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa na udenda na kushindwa kumeza, asiguswe, maana hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa.

Na kabla ya yote, familia ijiulize swali moja: unga wa mbwa huyu ulitoka shamba gani na ghala gani? Ikiwa ni gunia moja na la nyumbani, au mavuno mamoja, ugali wa familia usimamishwe pia hadi ushauri utolewe. Mbwa anayeugua ghafla, au kuku wanaokufa mmoja baada ya mwingine, huenda wametangulia tu kuonja kile ambacho watoto watakula jioni.

Anayemlisha mbwa wake nafaka safi anamlinda mlinzi wake, na anajua pia kilicho katika ghala lake mwenyewe. Debe la punje zilizokataliwa lisirudi kinuni.