Kifua Kikuu Kisichokaa Kifuani



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya maradhi, nasi twaanza na kosa letu wenyewe. Katika kitabu cha chama tuliandika ya kwamba ndugu yetu mmoja, mchukuzi wa magunia, amepimwa makohozi na hana kifua kikuu. Kwa ajili ya maneno hayo alinyimwa nauli ya kurudi hospitali, akaambiwa mgongo wamuuma kwa kazi. Baada ya miezi 3 aliletwa mbele yetu amebebwa, miguu haina nguvu.

Jibu la makohozi lilikuwa la kweli, ila lilihusu mapafu tu. Vidudu hivi, alivyovitangaza Robert Koch mwaka 1882, huingia kwa pumzi, kisha huweza kuchukuliwa na damu mpaka kwenye tezi za shingo, mifupa, figo, hata utando wa ubongo. Vikikaa mgongoni huila mifupa polepole, kibyongo hutokeza, na usaha huibana mishipa ya fahamu iendayo miguuni. Mgonjwa huyo aweza asikohoe kamwe. Kwa hiyo daktari hutafuta mahali penyewe palipo na ugonjwa: hupiga picha ya mgongo, au huchoma tezi iliyovimba kwa sindano na kupeleka kilichotoka maabara. Hupima pia virusi vya UKIMWI, kwa maana maradhi haya mawili hufuatana sana. Wazee wasilione jambo hilo kuwa tusi.

Dawa ni zile zile za mapafu, aina 4 kwa miezi 2, kisha aina 2. Wa tezi humaliza kwa miezi 6; wa mifupa na wa ubongo, hapa Kenya, miezi 12. Mkojo hugeuka rangi ya machungwa, nayo si damu. Tezi nazo huweza kuvimba zaidi katikati ya matibabu ilhali dawa yafanya kazi, na hapo ndipo wengi huziacha.

Dawa zenyewe hutolewa bure katika hospitali za serikali. Nauli si bure. Chama hiki hakijapata kukosa fedha za jeneza. Twaomba mkutano huu ukubali mfuko ule ule umkopeshe nauli aliye hai.

Ndugu yetu yumo katika mwezi wa 7 wa dawa. Ameketi pale karibu na mlango, na fimbo yake. Leo amekuja kwa miguu.