Sigara Dukani: Kabati Lile Linamwonyesha Nani?

(Hotuba iliyotolewa Mombasa baada ya Sala ya Isha, mbele ya wazazi, wenye maduka na wajumbe wa kamati za misikiti. Imefupishwa kidogo.)



Waheshimiwa masheikh, wajumbe wa kamati, akina mama mlio upande wa pili wa pazia, na ndugu zetu wenye maduka, ambao nafurahi kuwaona katika safu za mbele kwa kuwa sehemu kubwa ya maneno ya usiku huu inawahusu wao.

Nimetakiwa nizungumze juu ya vijana na tumbaku. Mwenye kutaka hukumu ya sigara, kama ni makruhu au ni haramu, na awaulize maulamaa. Wenye elimu wameshasema na wameandika. Wala sitakaa kuwahesabia maradhi, maana hakuna kati yetu asiyejua kwamba tumbaku inaua, na Shirika la Afya Duniani linatuambia kuwa inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Nimekuja na jambo dogo kuliko hayo, nalo liko mlangoni petu: namna sigara inavyotangazwa katika maduka ya mitaani, mbele ya macho ya watoto ambao sisi wenyewe ndio tunaowatuma huko.

Mfikirieni mtoto wa miaka 8. Asubuhi hutumwa mkate, adhuhuri chumvi, jioni unga au mafuta ya taa. Kila mara husimama mbele ya dirisha lile lile la wavu, akingoja apimiwe, na macho yake hayana pa kwenda ila mbele. Mbele kuna nini? Kuna chupa za peremende, biskuti, madaftari na kalamu, na katikati ya vitu hivyo vyake mtoto pamewekwa kabati la sigara, pakiti zimepangwa sawasawa, nyekundu kwa nyekundu na kijani kwa kijani. Mtoto huyu anaijua rangi ya kila pakiti kabla hajaweza kusoma kilichoandikwa juu yake. Hakuna aliyemfundisha. Amefundishwa na kusimama pale.

Yuko atakayesema kuwa hizo ni picha tu na mtoto haelewi. Marekani palikuwa na kampuni moja ya sigara iliyotangaza bidhaa yake kwa ngamia aliyechorwa kama katuni. Mwaka 1991 jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo lilichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watoto wadogo, ambao walipewa alama mbalimbali wazilinganishe na bidhaa zake. Miongoni mwa wale wa miaka 6, watoto 91 katika kila 100 walimuweka ngamia yule juu ya picha ya sigara. Walimjua karibu sawasawa na walivyomjua Mickey Mouse, ambaye ni panya wa watoto khasa. Hawakuwa wavutaji wale, wala wengi wao hawakuwa wameanza kusoma vizuri.

Huo ni ujuzi, mtu ataniambia, na kujua si kuvuta. Basi tazameni uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, wa wanafunzi wa California wenye umri wa miaka 11 hadi 14 ambao hawakuwa wamewahi kuvuta hata mara moja. Waliulizwa huenda mara ngapi katika yale maduka madogo yenye matangazo mengi ya sigara, kisha wakaachwa mwaka mzima. Mwaka ulipokwisha, katika wale waliokuwa wakienda kwa nadra, 9 kwa kila 100 walikuwa wameshajaribu sigara. Katika wale waliokuwa wakienda mara mbili kwa wiki au zaidi, walikuwa 29. Mara mbili kwa wiki tu, ndugu zangu! Wetu huenda mara tatu kwa siku.

Lazima tufahamu vipi matangazo haya yalivyokimbilia madukani. Mwaka 1998 kampuni kubwa za sigara za Marekani zilifikia mapatano na majimbo yaliyozishitaki, na katika mapatano hayo zikakubali kuacha katuni na kuyaondoa mabango makubwa ya barabarani. Lakini ndani ya duka hawakuzuiwa kama walivyozuiwa nje, na fedha zikafuata mlango uliobakia wazi. Huku kwetu mambo yamekwenda njia hiyo hiyo. Mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku uliopitishwa mwaka 2003, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, unazitaka nchi zikomeshe matangazo yote ya tumbaku. Sheria yetu ya mwaka 2007 ikayapiga marufuku, na sasa hatusikii tena sifa za sigara katika redio wala hatuoni mpanda farasi juu ya bango njia panda. Tukadhani kazi imekwisha. Hatukutazama kwamba pakiti yenyewe, ikipangwa kwenye kioo, ni bango. Mwaka 2008 nchi za mkataba ule zilikubaliana katika miongozo yao kuwa kuonyesha sigara mahali pa kuuzia ni kuitangaza, na kwamba inafaa kukomeshwa. Jirani zetu wa Uganda wameliingiza hilo katika sheria yao ya mwaka 2015, tena wakapandisha umri wa kuuziwa tumbaku hadi miaka 21.

Nataka nisimame kidogo juu ya sigara ya moja moja, kwa sababu watu huiona kuwa ni shida ya umasikini na hawaioni kuwa ni tangazo. Sheria ya Kenya inasema sigara isiuzwe ila ndani ya pakiti yenye zisizopungua 10, na asiuziwe aliye chini ya miaka 18. Nendeni mkatazame. Pakiti imefunguliwa, imewekwa juu ya kaunta, na kiberiti kimefungwa kwa kamba kando yake ili mnunuzi awashe pale pale. Mtoto aliyetumwa unga anaiona biashara yote hiyo, kuanzia sarafu mpaka moshi. Bei ya sigara moja ni bei ya peremende chache, yaani inalingana na mfuko wake. Kisha liko jambo la tatu ambalo wengi hatulifikiri. Serikali ilipigana miaka kuweka picha za maonyo juu ya pakiti: kanuni zilitoka mwaka 2014, kampuni kubwa ikazipinga mahakamani, na kesi haikwisha mpaka Mahakama ya Juu ilipoitupilia mbali rufaa yake mwaka 2019. Sasa kijana akinunua sigara moja, onyo lile linabaki kwa muuzaji na yeye huondoka na moshi peke yake. Miaka yote ile ya kesi imepotezwa juu ya kaunta moja.

Nawageukia wenye maduka, na nitasema kwa insafu. Najua kuwa kabati lile wengi wenu mlipewa bure, na mwenye kibanda hakatai rafu ya bure. Najua pia kuwa mteja anayekuja kununua sigara hununua na mkate, na mkimkosa kwa hili mtamkosa kwa lile. Sikuja kuwaambia mfunge riziki zenu. Nina swali moja tu. Mvutaji wa miaka 20 anapofika dirishani kwako, anahitaji kuonyeshwa sigara? Huitaja kwa jina lake hata kabla hajasalimu. Ukiiweka chini ya kaunta, ndani ya sanduku, ataitaka vile vile na utampa vile vile. Basi kabati lile lenye kioo linamwonyesha nani? Halina wa kumwonyesha ila asiyevuta bado, na asiyevuta bado, katika foleni ya dirisha lako, ni mtoto wa jirani yako au ni wako mwenyewe.

Uingereza walipoamua kuzifunika rafu, walianza na maduka makubwa mwaka 2012, na maduka madogo wakayapa muda hadi mwaka 2015 ili wajitayarishe. Hakuna aliyekatazwa kuuza, walitakiwa kufunika tu. Sisi hatuhitaji miaka mitatu, kitambaa kinatosha.

Akina baba nao wasicheke. Mwenye kumpa mwanawe sarafu akamwambia akamletee sigara amelifungua dirisha lile kwa mkono wake, na amemuweka muuzaji mahali pabaya, maana muuzaji hawezi kujua mtoto huyu ametumwa au amejituma. Mwenye kuvuta na aende mwenyewe. Pengine uvivu wa kutembea utampunguzia moja au mbili.

Kisha yako haya mapya. Vijana wanauziwa vifuko vidogo vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, havina moshi wala harufu, na sigara za umeme zenye ladha za matunda. Vikopo vyake huwekwa karibu na ubani wa kutafuna, na mama akikiona mfukoni mwa kijana hudhani ni peremende. Muuzaji ajue kuwa ndani yake mna kitu kile kile kinachomfunga mvutaji.

Sasa nafika palipo pagumu. Misikiti yetu mingi ina maduka ya wakfu, mengine ubavuni mwa msikiti kabisa, na kodi yake ndiyo inayolipa umeme, maji na posho ya muadhini. Tutawaendea vipi wenye maduka mengine kwa nasaha hii, na kabati la sigara linang'ara chini ya paa letu wenyewe, hatua kumi kutoka mlango wa madrasa? Rai yangu ni kuwa mikataba inapoandikwa upya iwekwe sharti: hapatawekwa tangazo wala kabati la tumbaku, haitauzwa moja moja, na mtoto hatauziwa. Kamati itaniuliza, na ina haki ya kuuliza, mpangaji akihama je? Huenda akahama, na duka likakaa tupu miezi miwili au mitatu. Hasara hiyo si ya kamati peke yake. Sisi tuliokaa hapa ndio wenye madrasa, na tuseme usiku huu mbele ya mashahidi kama tuko tayari kuichangia. Nimeambiwa mikataba ya maduka manne inakwisha kabla ya Ramadhani, kwa hiyo jambo hili haliwezi kungojea mkutano mwingine.

Kwa maduka yasiyokuwa yetu, nashauri watu wawili watatu kwa kila mtaa, wazee wanaojulikana na kuheshimiwa, wapite kwa wenye maduka kwa salamu na mazungumzo. Wasiende kama askari, wala wasiende na kamera. Wamwombe mwenye duka mambo matatu tu: karatasi ya tangazo ibanduliwe, pakiti zishushwe chini ya kaunta, na kiberiti kifunguliwe kamba. Atakayekubali ashukuriwe, na tununue kwake. Atakayekataa arudiwe tena baada ya mwezi, kwa salamu zile zile.

Daftari la majina ya watakaopita mitaani liko kwa katibu, hapo karibu na mlango wa kutilia udhu. Wenye maduka watakaoanza kesho nao wajiandikishe humo.