Treni ya umeme: tusingoje ufa uwe ukuta



Wiki iliyopita nilipanda treni ya umeme asubuhi jijini Dar es Salaam, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Dodoma. Aliyeketi karibu nami, mzee mmoja aliyekuwa akienda kumwona mjukuu, alitazama saa yake mara tatu. Hakuamini.

Hata mimi ilinichukua muda kuamini. Katika miaka ya 1990, nikiwa mtoto, safari hiyo ilikuwa ya usiku kucha. Tuliondoka jioni, mama na kikapu cha chapati na chupa ya chai, na Dodoma tukaiona kukisha kucha. Kilosa na Gulwe nilizijua kwa sauti za kina mama wakiuza ndizi na kuku madirishani.

Reli tuliyopita enzi hizo ilianza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Upana wake ni milimita 1,000. Reli mpya ina milimita 1,435, na treni yake hufikia kilomita 160 kwa saa. Ilianza kubeba abiria hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na tarehe 1 Agosti Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Ni kazi ya kujivunia.

Lakini leo, ndugu msikilizaji, sikuja kupiga makofi tu. Nimekuja kuuliza: tutaitunza?

Injini ya dizeli hubeba nguvu yake tumboni. Ikiharibika, huletwa nyingine, ikaivuta. Treni ya umeme haibebi nguvu yake. Huichukua kwenye waya ulio juu yake, wenye volti 25,000. Waya ukikatika, au umeme ukizimika, haisimami treni moja. Husimama kila treni iliyo katika kipande hicho. Mwaka 2024, siku chache tu baada ya safari za Dodoma kuanza, shirika la reli lenyewe lilitangaza kwamba ngedere na bundi waligusa nyaya na kuchelewesha treni. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Ikiwa bundi anaweza kutusimamisha, mwizi wa nyaya atatufanya nini?

Tena tunayo kumbukumbu. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010, mafuriko yaliisomba reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za bara zikakatika. Mvua tunaijua tangu enzi za mababu. Bonde lile la mto Mkondoa halikuanza kufurika jana. Makalvati yasiposafishwa na kingo zisipoimarishwa wakati wa kiangazi, masika hutukumbusha kwa gharama kubwa.

Kujenga kuna sherehe, utepe na picha magazetini. Kuzibua kalvati hakuna anayekupigia picha. Ndiyo maana fedha za matengenezo huwa za kwanza kupunguzwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nashauri fungu la matengenezo ya reli hii litengwe peke yake, lisiguswe kwa kazi nyingine, na kila mwaka wananchi wasomewe: kiasi gani kilitengwa, kiasi gani kilitumika, na wapi. Nasi wananchi tuache kumnunulia mtu waya wa shaba bila kumwuliza ameutoa wapi.

Mzee yule aliposhuka Dodoma alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, mimi nimeiona. Sijui mjukuu wangu ataikuta."

Sikuwa na jibu la kumpa. Jibu liko mikononi mwetu, na tusipoziba ufa, tutajenga ukuta.